Kompyuta Iliyolala Idodi

Ngazi niliipanda mimi.

Nimeliandika mwanzoni kabisa, wanangu, kabla sijapata ujanja wa kulizunguka. Kwa miaka ishirini na miwili niliwaambia ndugu zangu, wafanyakazi wenzangu na kila kundi la mafundi wachanga lililopita mikononi mwangu kwamba aliyeihifadhi kompyuta yangu ya kwanza darini, juu ya mafiga, ni mama yangu mzazi, mkulima wa kijiji cha Idodi huko Iringa, ambaye hakujua kama kompyuta inaliwa au inavaliwa. Uongo. Mama alishika ngazi tu. Aliyepanda, akiwa na shahada ya kompyuta ambayo wino wake ulikuwa haujakauka sawasawa, ni mimi.

Mliosoma kwangu mnaikumbuka hadithi hiyo. Niliitoa saa nane mchana, mkishashiba wali na vichwa vimeanza kuinama, na haikuwahi kushindwa kuwaamsha. "Mama yangu mimi," nilikuwa nasema huku nikijipiga paji la uso, "aliikausha kama mbegu!" Mlicheka. Nami nilicheka, tena kuliko ninyi. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda, na jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa kwa simu, kama mtakavyoona. Kwa hiyo kaeni vizuri niwaeleze namna ya kulaza kompyuta. Kuiwasha kila mtu anajua.

Kwetu mbegu ya mahindi haiwekwi pamoja na mahindi ya kula. Yanachaguliwa mahindi yenye punje zilizojipanga, yanaachwa na maganda yake, yanapandishwa kwenye dari la fito jikoni, juu ya moto. Moshi unayapitia kila siku. Mdudu dumuzi hagusi, panya hathubutu, na mvua za kwanza zikinukia tu, mbegu inashushwa ikiwa nyeusi kwa masizi lakini ndani iko hai. Mbegu ya mama haikuwahi kutobolewa hata punje. Majirani walimletea na zao awawekee.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda kusoma mbali kwa mwaka mmoja na nusu, nikaipeleka kompyuta yangu Idodi. Ilikuwa ya mezani, za wakati ule, na kioo chake kilikuwa kizito kama mbuzi wa sikukuu. Nikatazama huku na huku, nikajiambia: kama darini ndipo kinapokaa kitu ambacho familia haiwezi kukipoteza, basi kompyuta nayo ipande. Ilikuwa hoja nzuri. Kwenye mtihani ningepata alama zote. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mbegu inapenda kukaushwa.

Niliivingirisha nailoni ngumu mizunguko minne, nikaikaza kwa kamba ya katani, nikapanda. Mama akauliza kutoka chini:

"Kitapumua?"

"Mama, hiki si kuku."

Alishika ngazi kwa mikono miwili mpaka niliposhuka.

Mwaka mmoja na nusu baadaye tuliishusha mbele ya kaka yangu mkubwa, Elia, ambaye anaishi pale pale Idodi na ambaye hapitwi na jambo la kuchekesha. Nailoni ilikuwa imetoboka sehemu mbili kwa joto. Sanduku la kompyuta, lililoondoka na rangi ya maziwa, lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ndani kulikuwa na matone ya maji yaliyochanganyika na masizi, kama uji. Harufu yake ilikuwa ya sato aliyebanikwa. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliipakia kwenye gari, nikaipeleka kwa Elia, ambaye tayari alikuwa na umeme wa jua, nikaiwasha. Ikasema "pah!" mara moja, na haikusema kitu kingine tena. Humo mlikuwa na insha zangu kumi na moja, ambazo taifa halijalalamika kuzikosa.

"Fundi mzima!" Elia akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nani aliyeipandisha kule?"

Tulikuwa tumerudi jikoni kwa mama. Mama alikuwa anasonga ugali. Na mimi, msomi, nikasema, "Mama. Mimi nilisema iwekwe chumbani."

Mama aliacha mwiko umesimama sufuriani. Akanitazama. Kisha akaendelea kusonga.

Uongo wa namna hiyo unaonekana mdogo siku unapousema. Lakini baada ya hapo Elia aliichukua hati ya shamba lake, iliyokuwa kwenye kasha la mama, akaenda kuiweka chini ya godoro lake mwenyewe. Wajukuu wakipata vyeti, mtu alisema, "Msimpe bibi, atavikausha." Mwanamke aliyetunza mbegu ya kijiji kizima akawa haaminiwi hata kwa bahasha. Hakujitetea. Ila kuanzia siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Msomi.

*

Maiti ile ya kompyuta niliipeleka kwa Mzee Hafidh. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko, Iringa mjini. Wazee wake walipanda huku zamani kutoka pwani na biashara ya nguo, na ingawa yeye alizaliwa katika baridi ya Iringa na kuvaa sweta maisha yake yote, Kiswahili chake kilibaki na chumvi. Sisi wengine alituvumilia.

"Mzee, kompyuta limekufa," nikamwambia.

"Imekufa, mwanangu. Imekufa. Tusimvunjie heshima marehemu." Akainamisha pua, akaiinua haraka. "Hii mliihifadhi au mliibanika?"

"Ni mama, Mzee. Unajua tena watu wa kijijini."

Akaiokota ile kamba ya katani, ambayo bado ilikuwa na fundo langu, akaigeuza geuza kama daktari anayesoma picha ya mfupa.

"Mama yako hufunga kuni?"

"Kila siku."

"Basi fundo hili si lake. Afungaye kuni kila siku hufunga fundo atakaloweza kulifungua kesho. Hili ni fundo la msomi. Limefungwa na mtu asiyetarajia kurudi."

Hakuongeza neno, kwa adabu ile ya watu wa pwani inayouma kuliko matusi. Akanivutia kigoda, akanipa kahawa, akanifundisha jambo ambalo chuo kikuu kilikuwa kimelisahau.

"Kitu kinachosafiri hufungwa," akasema. "Kitu kinacholala hufunikwa. Kufunika siyo kufunga, mwanangu. Wewe, yaani mama yako, mlikifunga kitu kinacholala."

Na hivyo ndivyo ilivyo, vijana. Ukiifunga kompyuta kwa nailoni, hujazuia maji. Umeyafungia ndani pamoja nayo. Hewa ina unyevu wake uliojificha. Mchana inapata joto, usiku wa nyanda zetu unaipoza, na ule unyevu unatoka kama jasho na kukaa juu ya vyuma. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Kwa mwaka mmoja na nusu kompyuta yangu ilikuwa inaoga kila alfajiri. Moshi ulikuja kumalizia tu. Mama, aliyeuliza kama kitapumua, alikuwa ameuliza swali la pekee lenye maana siku ile.

Nilifanya kazi kwa neno lile la Mzee Hafidh mpaka nikastaafu, Iringa kwanza na baadaye Mbeya nilikoolewa. Niliona mengi. Niliona karani mmoja wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo ambaye, kwa kuwa karatasi kwake hazikuwa adimu, alilijaza sanduku la kompyuta vipande vya karatasi ili isitikisike akiwa likizo ndefu. Aliporudi alikuta panya jike na watoto saba katika kitanda ambacho hata mimi sijawahi kukilalia. Niliona watu waliotunza risiti miaka kumi lakini boksi la kompyuta, lenye mito yake ya kuizunguka, limekuwa kiota cha kuku ndani ya wiki moja. Nikikuta kuku ameketi kwenye boksi la kompyuta sasa, namsalimia tu. Na kila mara nilipofundisha habari ya kulaza vyombo nilianza na hadithi ya mama, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu uongo uliozoeleka unakuwa kama kiatu kilichopanuka: huhisi tena kwamba unakivaa.

*

Ndipo akaja Mama Kwandu.

Mama Kwandu analima mpunga Ubaruku, katika bonde la Usangu. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na katika familia ya watu wa ng'ombe yeye ndiye aliyependa majaruba ya mpunga. Tulijuana alipoleta kompyuta yake kwangu Mbeya, imejaa vumbi la pumba mpaka feni ilikuwa inakohoa. Niliifungua, nikaisafisha, nikaona alichokiandika humo. Misimu kumi na miwili. Jaruba lipi lilipandwa mbegu ipi, maji yaliingia lini, ndege kwelea walishuka lini, mbegu ipi ililala kwa upepo, ipi ilivumilia mvua zilipochelewa, ipi ilibaki na harufu yake hata ikipikwa na mpishi mbaya. Hakuwa na shahada. Alikuwa na macho na subira, na majirani zake hawakumwaga mbegu kitaluni kabla ya kupita kwake kuuliza.

Siku moja, nikiwa nimeshastaafu, akanipigia. Baba yake, aliyekuwa amerudi Usukumani kuzeekea kwao, alikuwa amepigwa na kiharusi. Ilibidi aende kumuuguza. "Misimu miwili, labda," akasema. "Mama Imani, kompyuta yangu nitaiacha na nani?"

Nikashuka Ubaruku. Nilimkuta na shemeji yake, mwenye nyumba pembeni ya mashine ya kukoboa, na jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa: kompyuta itaingizwa kwenye pipa, na pipa litajazwa mchele.

"Shemeji," nikasema, "mchele wa nini?"

"Simu yangu ilianguka mferejini. Nikaitia kwenye mchele siku tatu. Mpaka leo inaita!"

"Simu yako ilikuwa imelowa. Hii haijalowa."

"Ndiyo maana tuanze mapema!"

Nawaambia kweli, nimekaa kwenye semina nyingi na sijakutana na hoja ngumu kuijibu kama ile. Nilimweleza kwamba mchele una vumbi, una fukusi, na unamwita panya kwa jina lake. Akanitazama kwa huruma. Mtu wa Ubaruku kuambiwa mchele una kasoro ni sawa na kuambiwa mama yake hana adabu.

"Basi kaa nayo wewe Mbeya," Mama Kwandu akasema.

Hilo nalo lilinishinda. Radi ya Mbeya sikuiogopa. Kompyuta iliyochomolewa kila waya haina ugomvi na radi. Lakini kwangu kuta zinalia tangu Desemba mpaka Mei, na viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda vinaota ndevu za kijani.

"Si kuna kwa mama yako Idodi? Kule kukavu."

Shemeji akadakia, "Kwa yule bibi aliyekausha kompyuta?"

Hadithi yangu ilikuwa imefika Ubaruku kabla yangu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasema, "Msijali. Nitamsimamia mwenyewe."

Nitamsimamia! Mtu aliyenisimamisha mimi nikijifunza kutembea.

Nilimpa Mama Kwandu flashi mbili zenye nakala ya kazi yake yote. Moja akae nayo, nyingine ampe mtu asiyelala naye nyumba moja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, vijana, kabla hujagusa waya. Chuma kinanunuliwa. Misimu kumi na miwili hainunuliwi.

*

"Kamwene, Msomi," mama alinipokea uani.

"Kamwene, mama."

Akachungulia ndani ya gari. "Umeniletea cha kukausha?"

"Cha kulaza, mama."

"Ngazi ile bado ipo," akasema, akielekea ndani. "Sijaitupa. Niliona siku moja itaulizwa."

Tulitumia asubuhi nzima katika chumba alichokuwa analala marehemu baba. Nilitaka kuiweka ukutani upande wa dirisha. Mama akasema ukuta ule unapigwa na mvua ya upepo. Tuiweke kwenye ukuta wa kati. Tukapanga matofali, juu yake ubao, juu ya ubao kompyuta, shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite. Nilikuwa nimeizima taratibu tangu Ubaruku, nimechomoa kila kitu, na baada ya kuchomoa nimebonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliojibanza ndani utoke. Nikapiga vumbi kwa brashi kavu. Kitambaa chenye maji, hapana, hata kama mgeni anakutazama. Kioo tukakisimamisha kama kinavyosimama mezani. Kioo hakilazwi kifudifudi kama mlevi.

"Hizi kamba utazijuaje zinaingia wapi?" mama akauliza.

"Nitakumbuka."

"Aha," akasema. Akaenda kuleta nyuzi za kufumia. Uzi mwekundu kwenye waya, mwekundu kwenye tundu lake. Wa njano, wa njano. Alizifunga yeye mwenyewe, na kila fundo lilifunguka kwa kuvuta ncha moja.

Nilikuwa na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Viwili tu.

"Vinafanya nini?"

"Vinanyonya unyevu, mama."

"Kama mkaa?"

Nilifungua mdomo nimkosoe, nikakumbuka kwamba yuko sahihi. Akajaza mkaa kwenye soksi mbili za baba, akazifunga ili vumbi lisitoke, akaziweka kila upande. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akitoka kanisani, angezianika juani na kuzirudisha, atazame mchwa, atazame mende, apige kofi kidogo juu ya ubao. "Ijue kuna watu," alisema. Mwisho akatoa kitenge chake cha pamba, tukaifunika mpaka magotini, chini tukaacha wazi.

Nikaandika maelekezo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, nikayabandika ukutani. Mstari wa kwanza: KUFUNIKA SIYO KUFUNGA. Mama aliusoma polepole kwa kidole.

"Nani kasema?"

"Mzee mmoja wa Iringa mjini. Alinifundisha baada ya... baada ya ile ya kwanza."

"Alikuuliza nani aliifunga?"

Nikajifanya natafuta funguo za gari.

*

Misimu miwili ikapita. Baba wa Mama Kwandu alipata nafuu, akaweza kushika kijiko na kugombana, na binti yake akaanza safari ya kurudi. Alinipigia akiwa Dodoma.

"Mama Imani, nina neno. Zile flashi."

"Ndiyo."

"Moja ilifuliwa. Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni."

"Na ya pili?"

"Nilimpa mwalimu wa kwaya anitunzie, kama ulivyosema, nyumba nyingine. Akaona ina nafasi..."

"Usiniambie."

"Wameweka nyimbo za Pasaka. Ni nzuri, lakini."

Nikakaa chini. Kule Ubaruku wenzake walikuwa wanamsubiri. Vitalu vilikuwa vimelimwa na hakuna aliyetaka kumwaga mbegu kwa kubahatisha. Misimu kumi na miwili sasa ilikuwa imelala Idodi chini ya kitenge, mikononi mwa mwanamke ambaye mimi ndiye niliyemharibia jina. Isipowaka, hakuna ambaye angeuliza kama diski imechoka. Wangesema: mama yule tena.

Nami sikuweza kwenda. Wiki moja kabla nilikuwa nimeteleza kwenye matope, mikono yote miwili imeshika viazi, na mguu wangu ulikuwa kwenye plasta. Nilibaki Mbeya kitandani, simu kifuani. Elia ndiye aliyekwenda kumpokea mgeni Iringa mjini na kumfikisha Idodi.

Simu ikaita saa nne asubuhi. Alikuwa mama.

"Msomi, tumefunua."

"Inanuka?"

Nikamsikia anavuta hewa. "Inanuka kitenge."

"Mama Kwandu yupo?"

"Nipo, nipo!" Mama Kwandu akapaza sauti kwa nyuma, maana mama alikuwa anawarudishia kila neno langu. "Mayu, mama yako, ameshazipanga kamba zote kwa nyuzi zake. Mwekundu kwa mwekundu. Hakuna hata mende mmoja!"

"Elia yupo?"

"Nimekuja kuona maajabu," sauti ya kaka yangu ikasema. "Nimeleta na ndoo ya maji, ikiwaka kama ile nyingine."

Umeme ulikuwa umeshafika kwa mama, nikamwambia achomeke plagi kwenye soketi, asubiri kidogo, kisha abonyeze kitufe cha mbele. Hakubonyeza.

"Nikibonyeza ikawaka, utasema?"

"Nitasema nini, mama?"

"Unajua."

Nje, jirani yangu alikuwa anapasua kuni. Nilihesabu mapigo matatu ya shoka.

"Nitasema."

"Nabonyeza."

Kimya. Kimya kirefu cha kutosha mtu kuzeeka.

"Haina kitu," mama akasema.

"Bonyeza tena."

"Nimebonyeza. Haina kitu."

Nilimsikia Elia akianza, "Si nilisema," na Mama Kwandu akivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mimi, mwenye shahada, mwenye miaka yangu yote ya kazi, niliyefundisha vijana wilaya nzima, niliizika pale pale. Kichwani niliona diski iliyoganda, niliona majaruba, niliona mwiko umesimama sufuriani.

"Subiri," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imesogea mbali, nadhani aliinama. "Huku nyuma kuna kiswichi. Kidogo. Kama kile cha redio ya baba yako."

Mungu wangu. Niliizima kwa nyuma mwenyewe. Niliizima kwa nyuma, nikaandika karatasi nzima ya manila, na hilo sikuliandika.

"Mama! Kigeuze!"

Tik. Kisha kitufe. Kisha, wanangu, kupitia simu ya mama, toka Idodi mpaka Mbeya, nikasikia feni ikivuta pumzi ndefu na kuanza kuimba.

Mama Kwandu akapiga kigelegele kilichonilazimu kuiondoa simu sikioni. "Imewaka! Mama Imani, imewaka! Lakini inasema tarehe ya zamani kabisa!"

"Ni betri ndogo ya saa, ile ya duara. Imeisha tu. Bonyeza F1, juu kushoto. Ngoja. Fungua faili lako."

Nikasikia vidole vyake. Nikasikia anasoma, kwanza kwa kunong'ona kisha kwa sauti, majina ya mbegu na majaruba, msimu wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili, kama mtu anayeita watoto wake waje kula na wote wanaitika.

"Yote yapo," akasema. Akaanza kulia na kucheka, na bado anasoma.

"Msomi," mama akasema.

"Naam, mama."

"Ngoja niweke ile ya kusikika na wote. Inawekwaje? Haya. Sema."

"Ngazi niliipanda mimi."

"Elia hajasikia. Alikuwa anamwaga maji ya ndoo."

Nikajiinua kitandani na plasta yangu. "Ngazi niliipanda mimi! Mama alishika tu! Nailoni nilifunga mimi, fundo lilikuwa langu, na mama aliniuliza kama kitapumua!"

Upande wa pili feni iliendelea kuimba. Nilingoja kicheko cha kaka yangu. Nilikistahili, na nilikuwa tayari kukipokea. Lakini Elia alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

"Mama," akasema, "ile hati yangu ya shamba. Chini ya godoro panya wameanza kuila pembeni. Naomba unitunzie."

"Lete," mama akasema. "Ila usiifunge."

Kisha akaniita kwa jina langu, akaniambia nipumzishe mguu, akakata simu.